Nyumba inaanza kufa kwa miguu

Wandugu wachimbaji, na ninyi mama zetu mnaobaki kulinda nyumba, kiangazi iko inaelekea kuisha. Mvua ya mwezi wa tisa ikianza, haitatuuliza kama tuko tayari. Hapa Makobola, katikati ya mlima na ziwa, maji yanatujia pande tatu: juu ya paa, mlimani na ziwani. Ndiyo maana sisi wa sendika ya wachimbaji tunataka kuzungumza leo juu ya jambo tusilolitajaka sana kwenye mikutano yetu: nyumba ya mchimbaji, na namna ya kuitengeneza kwa mikono yetu wenyewe.

Mtu atauliza: sendika inahusika nini na ukuta wa mtu? Inahusika sana. Wengi wetu tunachimba kwa mkono. Hakuna anayetulipia CNSS, hakuna pensheni inayotungoja. Dhahabu ya Misisi, ya Lubichako ao ya Kilembwe ikishauzwa na madeni yakishalipwa, kinachobaki ni nyumba. Nyumba ndiyo pensheni yetu. Ndipo mahali pa kulala siku mgongo utakapokataa kuinama. Anayeiacha ianguke ni sawa na anayeirudisha dhahabu yake mtoni.

Lakini tuangalie namna tunavyotumia franga. Mtu akipata, anakimbilia mabati mapya na rangi ya ukuta wa mbele, ili wapita njia waone. Kichwa kinapendeza. Huku chini, mahali ukuta unapogusa udongo, tofali limekwisha kuliwa na maji mpaka mkono unaingia. Nyumba haianzi kufa kwa kichwa. Inaanza kufa kwa miguu.

Nyumba hizi zilitoka wapi

Tukumbuke historia yetu, juu inaeleza kwa nini kuta nyingi za hapa zimechoka pamoja. Kuanzia tarehe 30 Desemba 1998 mpaka tarehe 2 Januari 1999, watu wetu waliuawa hapa Makobola na vijiji vya jirani, na nyumba zikachomwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotoka 2010 inahesabu waliouawa kuwa zaidi ya 800. Wengi waliopona walivuka ziwa, wakaishi kambi za Kigoma kama Nyarugusu na Lugufu.

Mwaka 2005 HCR ilianza kurudisha watu kwa meli mpaka Baraka. Waliorudi walikuta magofu na majani. Walijenga haraka, na hakuna wa kuwalaumu: watoto walihitaji pa kulala. Walipiga matofali ya udongo yasiyochomwa, wakayapanga juu ya msingi mfupi, pengine bila msingi kabisa. Nyumba ya namna ile inaweza kuishi miaka mingi, lakini kwa sharti moja: iangaliwe kila kiangazi. Nyingi hazikuangaliwa, baba akiwa machimboni miezi sita, na mama akiogopa kugusa kazi anayoambiwa ni ya fundi.

Tunasema wazi: sehemu kubwa ya kazi hizi haitaki fundi wa kulipwa. Inataka jembe, beseni, tiyo, na macho ya mtu anayejua udongo. Na nani anajua udongo kuliko mchimbaji?

Elimu ya shimo iletwe nyumbani

Tarehe 11 Septemba 2020, kule Kamituga, mvua kubwa ilinyesha na mashimo yakajaa maji na kuporomoka. Ndugu zetu karibu 50 walikufa. Kila mchimbaji alielewa bila kuelezwa: udongo uliokunywa maji haushiki tena. Ndiyo maana shimoni tunaweka miti ya kushikilia, ile bwazaji, na kabla ya kuingia tunaangalia kama ukuta unatoa jasho. Tunatoa maji kwanza, ndipo tunachimba.

Ukuta wa nyumba unafuata sheria ileile. Tofali la udongo likiwa kavu, linabeba paa bila shida. Likilowa, linarudi kuwa matope. Kwa hiyo mvua ya kwanza ikinyesha, usijifungie ndani. Vaa koti, zunguka nyumba. Angalia maji ya paa yanaangukia wapi, yanakimbilia wapi, na yanasimama wapi. Kisha angalia chini ya ukuta: alama nyeupe kama chumvi, unyevu unaopanda, udongo unaomomonyoka. Mambo hayo matatu yanakuonyesha mahali pa kuanzia.

Kazi ya kwanza: kuyapa maji njia

Anza upande wa mlima. Chimba mfereji mbali na ukuta, karibu mita 1, usiuchimbe ukigusa msingi, juu utalegeza miguu unayotaka kuiokoa. Urefu wa kwenda chini utoshe kutoka kiwiko mpaka ncha ya vidole. Mteremko usiwe mkali: kila mita 5, mfereji ushuke sentimita 5 mpaka 10. Ukishuka sana, maji yatakula udongo na kufanya korongo. Usiposhuka, maji yatalala na kuzaa mbu.

Utajuaje mteremko bila chombo cha fundi? Tafuta tiyo ya plastiki inayopitisha mwanga, mita 10 zinatosha. Jaza maji, hakikisha hakuna povu la hewa ndani. Mtu mmoja ashike ncha huku, mwingine ashike ncha kule. Maji yakitulia, yamesimama usawa mmoja pande zote mbili, hata kama ardhi inakudanganya macho. Weka alama kwenye miti miwili, pima kutoka alama kushuka chini, na umepata mteremko wako.

Ndani ya mfereji panga mawe ili kingo zisianguke. Kisha udongo ulio kati ya mfereji na ukuta uupige vizuri kwa gogo, uulaze ushuke sentimita 5 kwa kila mita 1 ukitoka nyumbani. Na neno moja la ujirani: usipeleke maji yako kwenye ukuta wa jirani. Mwisho wa mfereji uzungumzwe na majirani kabla ya kuchimba. Tumeona ugomvi wa mifereji unaofika kwa chifu, wakati siku moja ya kazi ya pamoja ingeumaliza.

Kazi ya pili: kutibu miguu ya ukuta

Maji yakishapata njia, ngoja ukuta ukauke. Ndipo utengeneze sehemu iliyoliwa.

Hapa mchimbaji akumbuke sheria ya shimo: hapana kuondoa udongo wote chini ya mzigo kwa mara moja. Kwanza shikilia. Weka mti imara wa kubeba boriti ya paa kwa ndani, na mti mwingine wa kusukuma ukuta kwa nje, ukikaa juu ya ubao ili usizame. Kisha fungua sehemu fupi tu, sentimita 50 ao 60. Toa udongo uliooza mpaka ufikie ulio mzima. Jaza kwa mawe ya mtoni ao matofali ya kuchoma, uyafunge kwa udongo wa sima: ndoo 1 ya sima kwa ndoo 5 za mchanga ulioshwa. Ruka hatua moja, fungua sehemu nyingine mbali kidogo. Iache kila sehemu siku 4 ishike, ndipo urudi kwa zile ulizoruka. Ukifungua ukuta mzima siku moja, utaulaza chini siku hiyohiyo.

Anayejenga upya ukuta mzima apandishe mawe sentimita 30 mpaka 50 juu ya ardhi kabla ya kuweka tofali la udongo la kwanza. Juu ya mawe alaze kipande cha basha nzito, ile plastiki ya hema, ndipo apange matofali. Basha hiyo inakata unyevu usipande. Ni kitu cha bei ndogo, lakini kinaongezea ukuta miaka mingi.

Sima siyo dawa ya kila kitu

Hapa wengi wanapoteza franga. Mtu ananunua mifuko ya sima iliyopitia bandari ya Kalundu, anapaka ukuta wa udongo mpaka uwe kama wa nyumba ya mjini. Mwaka wa kwanza anasifiwa. Mwaka wa pili mipasuko inaonekana. Mwaka wa tatu sima inaanguka vipande vikubwa, na nyuma yake udongo umekuwa unga.

Sababu yake ni hii. Udongo unavimba kidogo ukilowa na kusinyaa ukikauka. Sima ni ngumu, haiufuati. Inapasuka, maji yanaingia kwa ufa, na yakishaingia hayatoki tena, juu sima imeyafungia ndani. Ukuta unaozea chini ya vazi zuri. Mawe ya chini yapate sima, sawa. Ukuta wa udongo upakwe udongo.

Lakini udongo upi? Mama zetu wanaoosha mchanga wanajua tayari kuusoma. Tia udongo ndani ya chupa inayoonekana, mpaka nusu, jaza maji, tikisa, iache mpaka kesho. Mchanga utakaa chini, udongo laini juu yake, na mfinyanzi juu kabisa. Kisha fanya jaribio la pili: chekecha udongo, ulowanishe kidogo, uviringishe uwe kama kamba nene ya sentimita 3. Usukume polepole upite ukingo wa meza. Ukikatika kabla ya sentimita 5, una mchanga mwingi. Ukipita sentimita 15 bila kukatika, una mfinyanzi mwingi. Kati ya hapo ni udongo mzuri.

Uloweke siku 2 ao 3 pamoja na majani makavu yaliyokatwa mafupi. Lowanisha ukuta kabla ya kupaka, uusugue ushike. Jaribu kwanza kipande kidogo nyuma ya nyumba. Kikipasuka, ongeza mchanga. Kikiacha vumbi mkononi, ongeza mfinyanzi. Mkono wa kwanza uwe mnene kama upana wa kidole, mkono wa pili mwembamba. Ukitaka weupe, malizia kwa chokaa, juu chokaa inaacha ukuta upumue.

Ufa unasema, tuusikilize

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini kuziba bila kujua ufa unatoka wapi ni kumfunga mgonjwa mdomo. Paka kipande chembamba cha sima juu ya ufa, kama upana wa vidole viwili, uandike tarehe kando. Kisipopasuka mpaka miezi miwili, ukuta umetulia: ziba. Kikipasuka, ukuta bado unatembea: rudi kwa maji na miguu.

Kwa ufa uliotulia kwenye kona, kwangua mfereji mdogo unaoukata ufa kwa ulalo, kila mistari mitatu ya matofali. Ndani yake laza waya nene ao kijiti cha mti mgumu, kipite ufa sentimita 40 kila upande, kisha funika kwa udongo mzuri. Tunaishi juu ya ardhi inayotikisika. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko la nguvu ya 6.8 lilitokea chini ya ziwa letu na kuangusha nyumba kule Kalemie. Kona zisizoshikana ndizo zinazofunguka kwanza.

Na kuna ufa usio wa kuchezea. Ncha ya kidole ikiingia, ao ukuta umeinama, ao ufa umetoka mlangoni mpaka paa, hamisha watoto kutoka chumba kile leo usiku, kabla hata ya kutafuta fundi. Shimo likilia, hatungoji kesho. Chumba cha watoto nacho vilevile.

Paa: kukamata upepo na maji

Misumari ya mabati ipigwe juu ya mgongo wa wimbi, isipigwe bondeni ambamo maji yanapita. Chini ya kichwa cha kila msumari weka kipande cha mpira wa shamburere ya zamani. Tundu dogo lizibwe kwa gudroni na kipande cha kitambaa. Ukipanda, laza ubao juu ya mbao za paa, usikanyage bati tupu. Na boriti zifungwe na ukuta kwa waya, upepo wa ziwa usizibebe. Bati lipite ukuta sentimita 50 ao 60, ili tone lianguke mbali na miguu tuliyoitibu.

Paa lilelile linaweza kutunywesha. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Nyumba ya mita 6 kwa mita 8 ina mita 48 za mraba. Mvua moja ya milimita 20 inaleta lita 960, na hata zikipotea kadhaa, zinabaki za kutosha kujaza mapipa matatu ya lita 200 na zaidi. Huku Uvira na Fizi kipindupindu hakijatuacha, na mama wengi bado wanateka ziwani. Gutieri ya bati lililokunjwa inapunguza safari na hatari. Maji ya dakika za kwanza yaache yaende, yameosha vumbi na mavi ya ndege. Pipa lifunikwe, na ya kunywa yachemshwe.

Kitu kimoja kwa wachimbaji peke yetu: tusichome dhahabu yenye zebaki ndani ya nyumba wala jikoni. Moshi ule hauonekani vizuri, lakini unakaa ndani ya kuta, blanketi na chakula, unaharibu akili ya mtoto aliye tumboni na anayenyonya. Hakuna ukarabati unaoweza kuutoa. Zebaki isivuke mlango.

Nyumba isiyostahili kutengenezwa

Tusidanganyane. Mwaka 2020 na 2021 ziwa lilipanda, na 2024 likapanda tena, likaingia nyumba za watu kutoka Uvira mpaka Baraka. Hakuna fundi anayeshindana na ziwa. Mwanzo wa Mei 2025, kule Kasaba, hapahapa teritware ya Fizi, mto ulifurika usiku na kuua watu zaidi ya 60. Kama maji yamefika kitandani mwako mara mbili, franga zako zisiingie tena ndani ya ukuta ule. Toa mabati, milango, madirisha na mbao zilizo nzima, uvipandishe mahali pa juu hata kwa kujenga chumba kimoja. Kuacha shimo baya si woga.

Vilevile weka karatasi. Risiti za mabati, barua ya chifu ya kiwanja, picha za nyumba kabla na baada ya kazi, vyote ndani ya mfuko wa plastiki usioingia maji. Kodi ya Madini, ile ya 2002 na marekebisho ya 2018, inampa anayehamishwa na kampuni haki ya kulipwa. Siku wakija kuhesabu, nyumba yenye alama zote za kazi na karatasi zake inahesabiwa tofauti na kibanda ambacho hakuna anayekijua.

Tuanze na nini, na nani

Kwa anayerudi na franga kidogo, mpango ni huu. Wiki ya kwanza: mfereji, ambao haulipishi kitu. Wiki ya pili na ya tatu: miguu ya ukuta, sehemu kwa sehemu. Kisha misumari na gutieri. Kisha udongo wa kupaka. Rangi iwe ya mwisho kabisa. Sima usinunue mapema: mfuko unakunywa unyevu na kugeuka jiwe. Nunua ukiwa tayari, uuweke juu ya mbao, mbali na ukuta.

Kwa asiye na franga, kuna mikono. Likelemba zetu tumezizoea kwa pesa, tuzifanye pia kwa kazi: nyumba kumi, kila Jumamosi nyumba moja. Watu kumi wanamaliza mfereji asubuhi moja. Tunaomba kila kikundi kianze na nyumba za wajane, kisha zile ambazo baba yuko machimboni. Mwenzetu aliye chini ya ardhi anatuamini tunaoshika kamba juu. Tumshikie na ukuta wake pia, ili mvua ya Septemba iwakute watoto wake pakavu.